Mtetemo wa Gari Kuukuu: Tulivyoutafuta Mpaka Tukaupata

Zilikuwa zimebaki siku chache kuingia mwezi mtukufu wa Ramadhani tulipopanda Lushoto kumchukua bibi yetu, ambaye alikuwa amepangiwa siku ya kutolewa mtoto wa jicho mjini Tanga. Kupanda kulikuwa kwa salama. Kushuka ndiko kulikotushika. Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na kona zake hazimpi dereva nafasi ya kupumzisha mguu. Tulipokuwa tunaikaribia Soni tulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Kona mbili baadaye pedeli ya breki, ambayo siku zote ilikuwa ngumu na yenye kutegemeka, ikazama chini ya mguu kana kwamba tumekanyaga tope.

Hatukupiga kelele, kwa sababu watoto walikuwa wamelala. Tulishusha gia ya otomatiki hadi kwenye herufi L, tukaikanyaga pedeli mara nyingi mfululizo, tukavuta breki ya mkono taratibu huku tumebonyeza kitufe chake, na Mwenyezi Mungu akatujaalia sehemu pana upande wa mlima. Gari likasimama. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa likitoa moshi mwembamba. Kijana wetu wa kidato cha tatu akaweka jiwe nyuma ya tairi na jingine mbele, naye bibi akashuka, akaketi kivulini, akatutazama mmoja mmoja.

“Wajukuu zangu,” akasema, “siku mtakayotaka kunizika niambieni mapema, nioge. Gari hilo sipandi tena.”

Alipanda, kwa kuwa hapakuwa na lingine. Tulisali Alasiri pale pale kando ya barabara, tukangoja zaidi ya saa nzima mpaka chuma kikapoa na pedeli ikarejea juu, kisha tukateremka hadi Mombo kwa mwendo wa mtu anayetembea, injini ikilizuia gari badala ya breki.

Yatupasa kukiri kwamba balaa lile halikutushukia ghafla. Gari letu ni saluni ndogo ya Kijapani ya mwaka 1998, tuliyoachiwa na marehemu baba, na kwa muda wa miezi minne lilikuwa likituambia habari zake nasi hatusikii. Lilianza kwa usukani kutetemeka tukifika mwendo wa kilomita 80 au 90 kwa saa. Baadaye likaongeza jingine: kila tukikanyaga breki kutoka mwendo mkubwa, usukani ulirukaruka mkononi na pedeli ikapiga mguu kwa mapigo, kama mshipa. Tulilipeleka gereji ya kwanza. Tukaambiwa pedi zimekwisha, tukanunua pedi mpya, mtetemo ukabaki. Tulilipeleka gereji ya pili. Tukaambiwa disiki zimepinda, zikafunguliwa, zikapelekwa kukerezwa, na kwa wiki tatu gari likawa kama jipya. Wiki ya nne mtetemo ukarudi nyumbani kama paka aliyetupwa sokoni.

Hatuwalaumu mafundi wale. Kila mmoja alitengeneza alichokiona. Hakuna aliyetuuliza swali, nasi hatukuwa na jibu la kumpa.

Siku ya pili baada ya kurejea Tanga, jirani mmoja alikuja kututaka tumuuzie gari lile. Fedha aliyoitaja ilikuwa nzuri, naye hakuwa na habari ya yaliyotokea mlimani. Tulimweleza: linatetemeka, lilituishia breki Soni, na sababu yake hatuijui. Kuficha kasoro ya kinachouzwa ni jambo ambalo sote tunalijua hukumu yake, na zaidi ya hilo, jirani yule ana watoto watano. Alitushukuru, akanywa kahawa yake, akaenda zake. Gari likabaki uani, operesheni ya bibi ikabaki siku tisa, na bibi akawa ametangaza kwamba hospitali atakwenda kwa miguu.

Ndipo tulipokumbuka mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, fundi wa zamani ambaye amekwisha acha kazi ya gereji na sasa hutengeneza tu magari ya watu anaowapenda. Tulimwendea baada ya swala ya Isha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Gari limefanya nini?”

Tukaanza kumweleza kuhusu pedi na disiki. Akainua mkono. “Sikuuliza mmebadilisha nini. Nimeuliza limefanya nini. Linatetemeka wakati gani? Mkikanyaga breki au msipokanyaga? Mkiongeza mafuta au mkiachia? Nani anausikia mtetemo, aliyeshika usukani au aliyeketi nyuma?”

Hatukujua. Akamtazama kijana wetu, akamwambia anunue daftari.

Kesho yake baada ya Alfajiri, barabara ikiwa tupu, tulitoka na mzee hadi nje ya mji. Kijana aliketi nyuma na daftari mapajani. Jaribio la kwanza lilikuwa kufikisha kilomita 90 bila kugusa breki: usukani ukatetemeka. Kwenye sehemu iliyonyooka tukaiweka gia huru, injini isivute, tukaacha gari liteleze. Mtetemo ukaendelea vile vile, ukapungua kadiri mwendo ulivyopungua. Mzee akasema injini imeondoka katika kesi hiyo, pamoja na viungo vya ekseli vinavyopokea nguvu zake, kwani hivyo hulalamika zaidi gari linapovutwa. Mtetemo unaofuata mwendo wa gari ni wa kitu kinachozunguka na magurudumu. Jaribio la pili lilikuwa kukanyaga breki polepole kutoka kilomita 80: usukani ukarukaruka, pedeli ikapiga. Jaribio la tatu, kwa mwendo mdogo wa kilomita 40 na hakuna gari nyuma yetu, lilikuwa kuvuta breki ya mkono kidogo kidogo huku kitufe kimebonyezwa. Breki hiyo katika gari letu hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Gari likapunguza mwendo bila kutikisika. Kwa hiyo breki za nyuma nazo zikaachiliwa huru, na mshitakiwa akabaki mbele.

Kijana akaandika mistari miwili ambayo, kwa maoni yetu, ilikuwa na thamani kuliko fedha zote tulizokwisha kutoa: “Mtetemo A: bila breki, kuanzia 80. Mtetemo B: kwa breki tu, mbele.” Miezi minne tulikuwa tukisema “gari linatetemeka”, kumbe maradhi yalikuwa mawili yamevaa kanzu moja. Gereji ya pili ilipokereza disiki iliutuliza mtetemo B kwa muda, nasi kwa furaha ya kupona nusu tukadhani tumepona yote.

Mtetemo A ndio uliokuwa mwepesi. Mzee hakulipeleka gari kubalansi magurudumu mara moja, jambo ambalo sisi tungelifanya. Aliyabadilisha magurudumu mahali, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma yakaja mbele, akatuambia tuendeshe kama kawaida. Mchana huo tulimpeleka bibi kwa daktari wa macho kupimwa shinikizo la damu (alikuwa amekubali kupanda kwa sharti kwamba hatutapita mlima wowote). Usukani ulikuwa umetulia kabisa. Lakini hatujafika mbali bibi akauliza kutoka kiti cha nyuma: “Hiki kiti kimekuwa jahazi? Mbona kinanipandisha na kunishusha?” Alikuwa ameketi kushoto. Mtetemo ulikuwa umehama pamoja na gurudumu.

Uani tukaliinua gurudumu lile, mzee akashika kipande cha chaki karibu sana na mgongo wa tairi huku kijana akilizungusha kwa mkono. Chaki ikagusa mahali pamoja tu. Pale tairi lilikuwa limevimba kwa kiasi ambacho jicho halikukiona: nyuzi za chuma zilizomo ndani zilikuwa zimeanza kuachana na mpira. Tairi la namna hiyo halibalansiwi, linatupwa, kwa kuwa linaweza kupasuka katika mwendo mkubwa. Ubavuni lilikuwa na tarakimu nne za mwisho, 1114, ambazo maana yake ni wiki ya 11 ya mwaka 2014. Tulilinunua likiwa limekwisha kutumika na tulivutiwa na meno yake marefu. Hatukujua hata kwamba tairi huandikwa siku ya kuzaliwa. Wasomaji wetu wenye magari na wayatazame yao leo. Tarakimu hizo humo ndani ya mviringo mdogo kwa kawaida huonekana upande mmoja tu wa tairi, na pengine huo ndio ulioelekezwa chini ya gari.

Mtetemo B ulikuwa na mambo yake, na hapa tutachukua nafasi kidogo, kwa sababu ndio uliotaka kutuua.

Mzee alianza kwa kututuma tena barabarani, safari hii kwa dakika ishirini za mwendo wa kawaida, tukitumia breki kidogo iwezekanavyo. Tuliporudi alipitisha kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Tatu zilikuwa na uvuguvugu. Ya mbele kulia ilimfanya aondoe mkono. Breki ile ilikuwa ikishika hata mguu ukiwa juu.

Breki inayokataa kuachia inaweza kuwa na sababu tatu au nne. Pistoni ya kalipa inaweza kuwa na kutu. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zinaweza kuwa zimekauka. Au mafuta ya breki yamefungiwa njiani yasirudi. Mzee alituonyesha namna ya kuzitenganisha bila kununua kitu. Gari likiwa limekaa juu ya stendi za chuma (jeki peke yake ni ya kuinulia, si ya kumwamini mtu alale chini yake), alimwambia kijana akanyage breki kisha aachie. Gurudumu likawa gumu kuzunguka. Akalegeza kwanza kiungo kinachokutanisha bomba la chuma na bomba la mpira: matone machache, gurudumu bado gumu. Akakaza. Kisha akalegeza nati ndogo ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa yenyewe. Mafuta yakaruka, na gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja.

Kijana ndiye aliyetamka kabla yetu: “Basi nguvu ilikuwa imefungwa katikati ya pale na pale.” Na katikati ya pale na pale hapana kitu ila bomba la mpira lenye urefu wa mkono.

Nje bomba lile lilikuwa zima, jeusi, bila ufa. Tulipolikata baadaye tukakuta mpira wa ndani umevimba na kuchanika, njia imebaki kama tundu la sindano. Dereva akikanyaga, nguvu ya mguu ni kubwa na mafuta hupenya kwa lazima. Akiachia, hapana nguvu kubwa ya kuyarudisha, na yale mafuta hubaki yakizikandamiza pedi juu ya disiki. Kwa hiyo gari letu lilikuwa limetembea miezi na breki moja imeshikwa nusu. Joto la breki hiyo ndilo lililofika kwenye mafuta, nayo mafuta yetu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Aina iitwayo DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikikaa ikanywa maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Mafuta yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubonyea. Pale Soni mguu wetu ulikuwa ukibonyeza mvuke, na ulipopoa ukarudi kuwa mafuta, tukadhani gari limepona. Watengenezaji wengi wa magari hushauri mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Sisi tulikuwa tukiyaongeza tu yakipungua, na hatukumbuki kuyabadilisha tangu enzi za baba. Angalau hatukuwahi kutia mafuta ya injini humo, kama tulivyosikia wengine wakifanya wanapokwama njiani. Hayo huvimbisha mipira yote ya mfumo wa breki na kuuharibu.

Bado palikuwa na swali la disiki. Kwa nini zikerezwe, zipone, halafu ziharibike kwa wiki tatu?

Mzee alileta saa ya kupimia, ile yenye mshale, akaifunga ncha yake iguse uso wa disiki ya kulia, akaizungusha. Mshale ukaenda na kurudi kwa milimita 0.15. Akaifungua disiki. Nyuma yake, kwenye uso wa habu inapokaa, palikuwa na magamba ya kutu. Akayasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang’aa, akairudisha disiki ile ile, akakaza nati kwa mfuatano wa kukingamana, akapima tena: 0.04. Disiki haikuwa imepinda. Ilikuwa imekaa upande juu ya takataka, na nati zake zilikuwa zimekazwa na kijana hodari aliyesimama juu ya mpini wa spana. Disiki iliyokaa upande hugusa pedi mara moja katika kila mzunguko, hata breki isipokanyagwa, na kila ikigusa hulika hapo. Baada ya maelfu ya mizunguko inakuwa nyembamba mahali fulani. Mzee alipima unene wake kwa maikromita katika sehemu nane, na tofauti kati ya sehemu nene na nyembamba ilikuwa milimita 0.03. Unywele wa binadamu kwa kawaida ni mnene kuliko hivyo, wengi wake mara mbili. Lakini pedi inayopita juu ya tofauti hiyo hurudishwa nyuma na kusukumwa mbele, mafuta hulipeleka pigo hilo hadi kwenye pedeli, na mguu wa dereva huuhisi kama ngoma. Kwetu kulikuwa na nyongeza: pedi ya kulia haikuwa ikiachia kabisa, hivyo ilikula kwa kasi zaidi. Disiki ikerezwe mara kumi, ikirudishwa juu ya kutu ile na kushikwa na bomba lile, itarudi pale pale.

Kukereza tena hakukuwezekana. Ukingoni mwa disiki mtengenezaji hupiga chapa ya unene wa chini unaoruhusiwa, nazo zetu zilikuwa zimebakiwa na sehemu ya kumi ya milimita juu ya kiwango hicho. Tulinunua disiki mbili, kwa kuwa breki hutengenezwa pande zote mbili za ekseli moja; pedi seti moja; mabomba ya mpira mawili, maana la kushoto lilikuwa na umri ule ule; chupa mpya ya mafuta ambayo haijafunguliwa; na tairi mbili mpya za mbele. Pini za kalipa zilisafishwa na kutiwa grisi maalumu ya breki. Vumbi la pedi halikupulizwa kwa hewa. Mzee alilipangusa kwa kitambaa chenye maji, akatuambia kwamba pedi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya asbesto na wenzake kadhaa wa gereji wamezeeka na vifua vibovu. Nati za magurudumu alizikaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kwa magari madogo mengi kipimo hicho ni kama Nm 100, yaani nguvu ya mkono wa mtu mmoja wa kawaida, bila kusimama juu ya chochote.

Fedha zote zilizotoka zilikuwa pungufu ya tulizokwisha kuzitoa katika gereji mbili za mwanzo. Hili lilimuuma mwenye kushika mkoba wa nyumba yetu kwa siku kadhaa, na hatumlaumu.

Kwa usahihi twapaswa kusema kwamba mzee alikagua na mengine ambayo kwetu yalikuwa salama. Alilitikisa kila gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia, kutafuta kulegea kwa beringi, boli jointi na ncha za usukani. Alisema boli jointi ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, kwa sababu ikichomoka gurudumu hulala na gari halina tena usukani. Alisikiliza mvumo wa beringi. Alilitazama gari likiwa limesimama injini inanguruma, kwani mtetemo wa hapo ungekuwa habari nyingine kabisa, ya mipira inayoishikilia injini.

Siku saba za pedi mpya tulizitembea kwa upole ili zishikane na disiki. Siku ya nane kabla jua halijachomoza tulimpeleka bibi hospitali. Alipanda bila neno, akaweka mkono juu ya kiti cha mbele, akausikiliza. Operesheni ilikwenda vyema, na baada ya Idi, daktari alipomruhusu, tulimrudisha Lushoto.

Kwenda juu alikuwa akisoma mabango ya barabarani kwa sauti, kwa furaha ya jicho lake. Sisi tulikuwa tunafikiria kushuka. Tulishuka jioni ile bila yeye, gia ikiwa chini tangu kona ya kwanza, breki tukizikanyaga kwa nguvu na kuziachia badala ya kuziegemea muda mrefu. Tulipita ile sehemu pana karibu na Soni bila kusimama; jiwe letu bado lilikuwa pale. Mombo tuliegesha chini ya mti, kijana akashuka, akapitisha kiganja karibu na magurudumu manne, akafungua daftari. Ameandika: mbele kulia, vuguvugu, mbele kushoto, vuguvugu, nyuma, baridi, baridi. Chini yake ameongeza kwamba mlango wa nyuma wa kushoto unagongagonga kwenye matuta, na kwamba hilo hatujaanza kulitafuta.